Ukuta Uliooshwa kwa Javeli

Wifi yangu aliosha ukuta wa jikoni langu kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na burashi ya kusugulia, siku mbili kabla ya ubatizo wa mutoto wangu wa pili. Alifanya kwa moyo mwema. Nasema hilo mapema kwa sababu kila mutu ameniambia, na nimechoka kuambiwa. Moyo mwema, sawa. Mimi nilirudi kutoka bomba na bidoni ya maji mugongoni, kamba imenikaza paji la uso, nikakuta ukuta unang'aa, jikoni linanuka hospitali, na mbegu zote za nyanya za koko yangu hakuna tena.

Nieleze huo ukuta, maana najua kuna watu wataanza kumuunga wifi mukono kabla sijamaliza.

Koko, mama ya mama yangu, alilima kwenye mulima juu ya Katana. Jikoni lake lilikuwa kijumba cha miti na potopoto kando ya nyumba kubwa, na humo hakukuwa na kabati wala chupa ya mbegu. Mbegu zilikaa ukutani. Alichagua nyanya moja, akaipasua kwa kidole gumba, akakamua mbegu na ute wake kwenye kiganja chenye majivu, akachanganya, halafu pa! akazibandika ukutani, juu ya mafiga, pale moshi unapopita lakini moto haufiki. Zikakauka hapo. Panya hapendi majivu, na unyevu hauna nafasi kwenye moshi. Mvua za kwanza zikikaribia, alikwangua kwa kisu, mbegu zikaanguka kwenye kitambaa, tayari kupandwa. Mugeni akiingia aliona ukuta wenye madoa kila mahali. Sisi tulijua doa hili ni nyanya, lile ni boga, na lile la pembeni ni biringanya chungu ambazo babu alikuwa akiulizia kila wiki.

Nyanya yenyewe hutaiona sokoni. Ni pana, imekunjamana kama mufuko uliofungwa kamba, nyekundu yenye mistari ya njano, na mabega yake yanabaki kijani hata ikiiva kabisa. Ukiikata, ndani nyekundu na njano zimeingiana kama moto wa kuni. Majani yake si yale ya nyanya zingine. Ni mapana, kama ya kiazi. Ngozi ni laini mno. Ukiipakia kwenye gari, inafika imekuwa muchuzi, ndiyo maana wachuuzi hawaitaki. Lakini iweke kwenye sambaza, vile visamaki vya ziwa, na kitunguu kimoja, halafu uniambie kama utakumbuka bugali imekwisha.

Koko hakuwa na jina lake. Aliita "yetu".

Siku nilipoolewa, watu walileta sufuria, vikwembe vya kujifunga, godoro. Koko alileta kipande cha ukuta. Alikivunja kwa kisu kutoka jikoni kwake, ukubwa wa kipande cha sabuni, mbegu zikiwa ndani ya udongo, akakifunga kwenye kitambaa. Mama mukwe wangu alikifungua mbele ya watu wote, akacheka.

"Maman, nyumba yenu munaileta vipande vipande?"

"Nyumba muko nayo," koko akamujibu. "Mimi naleta chenye hamuna."

Basi nikaenda nacho Cimpunda, mutaa wa mujini, kwa bwana yangu. Pale kwetu nyumba zimepandana kwenye mulima. Paa langu liko sawa na miguu ya jirani wa juu, na paa la jirani wa chini liko sawa na miguu yangu. Bustani yangu ni ndogo, ukilaza milango mitatu umeijaza. Jikoni ni la mbao. Nilipaka potopoto ndani, juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikakwangua mbegu za koko, na ule udongo wake nikauponda, nikauchanganya na wangu. Tangu mwaka ule nimekuwa nikibandika na kukwangua, kama yeye. Wifi anaishi Nguba, kwenye nyumba yenye vigae, karibu na ziwa. Alipoona ule ukuta mara ya kwanza aliuliza kama mutoto ndiye alitupa chakula. Nilimuambia ni mbegu. Alisahau. Watu wanasahau chenye hawaheshimu.

Mutu anaweza kuniuliza kwa nini sikuficha zingine kwenye chupa. Swali zuri. Sikuficha kwa sababu koko hakuficha. Kosa hilo ni langu, sitamubebesha mutu mwingine.

Na msifikiri sijui mbegu za dukani. Kulikuja shirika moja kwenye mutaa wetu, wakatukusanya akina mama chini ya turubai, wakatugawia sashe za mbegu zenye picha. Agronomu wao, mutaalamu wa kilimo, alikuwa kijana mwenye viatu vya mupira visivyo na tope. Nilipanda. Nyanya zilikuja duara, nyekundu, zote sawa kama goroli, na nyingi. Sidanganyi, zilikuwa nyingi. Nikabandika mbegu zake ukutani. Msimu uliofuata zikaota za kila namna: hii ndogo, hii chachu, hii inaoza ikiwa kijani. Nikamufuata agronomu.

Akacheka. "Maman, mbegu ya namna hii haichungwake kwa kupanda tena. Kila msimu unakuja unakamata ingine."

"Na siku hamutakuja?"

"Tutakuja tu."

Leo ofisi yao ina kufuli lenye kutu. Vita ilishuka mpaka mujini, wao wakaondoka na gari zao, sisi tukabaki na mulima wetu. Mwaka ule ule koko alikufa. Si kwa risasi, kwa kifua, kwenye nyumba ya watu waliomuhifadhi alipokimbia. Jikoni lake mvua ilimaliza kulibomoa. Mutu aliyepita kule aliniambia kuna nyasi tu. Mama yangu alishatangulia zamani. Kwa hiyo ile nyanya ilikuwa imebaki mahali pamoja ninapopajua, nao ni ukuta wangu. Miche ya bustanini ilikuwa imekwisha kukauka na kiangazi, nimeing'oa yote, nimebandika mbegu za matunda matano bora, nangoja mvua.

Hapo ndipo ukaja ubatizo.

Wifi ndiye alikuwa mama wa ubatizo, naye ni dada mukubwa wa bwana yangu, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza anafanya nini jikoni kwa watu. Nilitua bidoni. Yeye alikuwa amefunga kitambaa kichwani, mikono imevimba, amefurahi.

"Yaya," nikasema, namna tunavyoita dada mukubwa, "hapa kwa ukuta kulikuwa kitu."

"Kulikuwa buchafu, mama. Nimesugua mpaka mabega inaniuma. Padri akikuja kubariki nyumba akute matope yenye imekauka?"

"Ilikuwa mbegu."

"Mbegu gani inakaa kwa ukuta? Ukuta ni shamba?"

Mama mukwe alikuwa anachambua muchele mulangoni. Akacheka bila kuinua macho. Bwana yangu aliingia aliposikia sauti yangu imepanda. Akatazama ukuta, akanitazama, akachagua upande.

"Usijali. Nitapita sokoni nikukamatie sashe mbili. Mbegu ni mbegu."

"Eeh. Na mutoto ni mutoto? Huyu akipotea utapita sokoni unikamatie mwingine?"

Mama mukwe akasema, "Usitamke maneno ya namna ile, mutoto bado hajabatizwa." Najua lilikuwa neno baya. Nililisema kwa sababu hakukuwa na jingine lenye ukubwa unaotosha.

"Maji uliitupa wapi?" nikamuuliza wifi.

Akaonyesha kwa kidevu. Chini.

Chini maana yake ni kwa maman mumoja, mujane, ambaye tulikuwa hatusalimiani mwaka muzima. Sababu ilikuwa hayo hayo maji. Kila tunachomwaga juu kinateremka kwenye ua wake, kinapita mbele ya mulango wake. Alikuja kulalamika mara mbili. Mara ya pili nilimujibu kwamba si mimi niliyeumba mulima. Alirudi kwake, na tangu siku ile tukawa tunapitana kama mutu anayepita nguzo.

Nikachukua beseni na kijiko kikubwa, nikashuka. Alikuwa ameketi anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Hodi, maman."

"Hodi ya nini? Maji yako inaingiaka hapa kila siku bila hodi."

"Nakuja kutafuta kitu mu ile maji."

Akaweka muchi kando. Alikuwa anafurahia, naona mpaka leo namna alivyojikalisha vizuri. "Ooh! Leo iko yako? Mwaka muzima nasema mukuje mukamate maji yenu, munaniambia ni ya mulima. Mulima ulihama lini?"

"Maman, ni mbegu za nyanya za koko yangu. Koko alikufa. Hakuna zingine."

"Zile za mistari? Zenye mutoto wako anakulaka pale kwa fensi, anaangusha maganda kwangu?"

"Ndiyo."

"Nilikuomba moja. Siku nilikuwa na homa, mudomo haina ladha. Ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. "Nilikunyima."

"Sema vizuri, masikio yangu yamezeeka."

"Nilikunyima, maman. Nilisema ni ya mbegu."

"Haya. Chimba. Lakini usinimalizie udongo."

Nikachuchumaa pale maji yalipokuwa yamejikusanya, kati ya matofali mawili, tope jeusi lenye povu la sabuni na harufu ya javeli. Nikachota. Nilipoinua kichwa niliona ukoo muzima wa bwana yangu umejipanga ukingoni juu, pamoja na mashangazi wawili waliokuwa wamefika kutoka kijijini wakiwa na mizigo bado mikononi.

"Mama mutoto, panda! Wageni banafika banakukuta mu matope!" mama mukwe akaniita.

"Unatuletea haya!" wifi akapiga kelele.

"Niko naokota chenye ulitupa, yaya! Ukipenda shuka unisaidie!"

Hakushuka. Maman wa chini akarudia kutwanga, lakini polepole, asikose neno.

Nilipopanda, nilipitisha lile tope kwenye chujio cha chai, kijiko kwa kijiko, mutoto mugongoni. Nilipata mbegu kumi na moja. Zingine zilikuwa zimekwenda, sijui wapi, ndani ya udongo, ndani ya nyufa, ndani ya mulima.

Siku ya ubatizo nilisimama kanisani na weusi chini ya kucha ambao sabuni ilishindwa. Wifi alimushika mutoto vizuri, sina la kusema. Baadaye nyumbani, watu walipokwisha kula na kasiksi, pombe ya ndizi, imeanza kuzunguka, mujomba wa bwana yangu akasimama, akasema kuna neno dogo la kunyoosha, kwamba furaha haikamiliki kama mwenye nyumba hajamuomba wifi yake musamaha. Wote wakanigeukia. Nilikuwa ninanyonyesha. Nikasimama hivyo hivyo.

"Yaya, nakushukuru kwa kumushika mutoto. Nakushukuru kwa kikwembe na kwa kiatu cha mutoto. Kwa ukuta, sikushukuru, na siombi musamaha."

Nikakaa. Mutu mumoja, sitasema nani, alicheka mpaka kasiksi ikamutoka puani. Bwana yangu hakunisemesha mpaka kesho yake jioni, na siku hiyo nilipumzika.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo sipendi. Zile kumi na moja nilizipanda kwenye kopo la mafuta, kwenye udongo muzuri niliouchekecha kwa mukono. Nilizimwagilia asubuhi. Nilizimwagilia mchana. Nikitoka kuosha vyombo nilizimwagilia, nikihisi hasira nilizimwagilia. Ziliota mbili. Siku ya nne zikalala chini, shingo zimelegea na kuwa kama uzi uliolowa. Hakuna wifi hapo, hakuna javeli. Ni mimi niliyeziua kwa maji, na koko angenipiga kibao. Nilikaa kando ya lile kopo. Nilitaka kuandika kwamba sikulia.

Wiki mbili zikapita. Mvua za kwanza zilishaanza kugonga mabati, watu wote wanapanda, na mimi bustani yangu iko tupu, kwa sababu nilikataa zile sashe mbili ambazo bwana yangu alizileta kweli, akaziweka juu ya meza, na ziko pale mpaka leo. Aliniita mwenye kichwa kigumu. Nikamuambia laini alipaswa kukitafuta kabla ya kuoa.

Asubuhi moja nikasikia sauti kutoka chini.

"Weye wa juu! Shuka! Shuka mikono mitupu, usiniletee beseni!"

Nikashuka. Maman alikuwa amesimama kando ya fensi yake, mikono kiunoni. Mbele yake kulikuwa na tuta jipya, limenyunyiziwa majivu, na kwenye tuta miche iliyosimama kwa mustari. Majani mapana kama ya kiazi. Mbegu zilikuwa zimeota zenyewe pale kati ya matofali, kwenye lile tope nililolichota nikafikiri nimelimaliza, naye alikuwa ameziona, akazihamisha moja moja.

"Ngapi?" nikauliza.

"Kumi na tisa. Nilizihesabu sababu nilijua utazihesabu."

"Ni zangu."

"Ziliotea wapi?"

"Maji ilitoka wapi?"

"Ah-ah!" Akaniinulia kidole. "Pole pole. Juzi maji ilikuwa ya mulima. Leo iko yako. Chagua moja, mama, mbili haiwezekane. Kama maji ni ya mulima, miche ni ya mulima, na mulima uliniletea miye. Kama maji iko yako, sema."

Nilimuona alivyonifunga. Kusema maji ni yangu ni kukubali mwaka muzima wa povu, wa maganda, wa maji ya nguo za mutoto mbele ya mulango wake. Lakini ile miche ilikuwa pale, na katika dunia yote hakukuwa na mingine.

"Maji ni yangu," nikasema.

"Basi kuya na bwana yako na jembe. Mutachimba mufereji kutoka kwenu mpaka kwa barabara, ipite kando, isinipitie tena. Mukimaliza, tutaongea nyanya."

Bwana yangu alipoambiwa alishika kichwa. "Nichimbe mulima kwa sababu ya nyanya?"

"Si kwa nyanya. Ni kwa maji yetu. Sashe zako uliziona zimechimba mufereji?"

Alichimba. Jumamosi mbili, na mimi nikibeba udongo na mawe, mutoto mugongoni, mutoto wetu wa kwanza akikusanya changarawe kwenye sahani yake. Wifi alipiga simu kutoka Nguba kuuliza kama ni kweli mudogo wake anafanya kibarua kwa jirani. Nilimujibu mimi. Nikasema ndiyo, na burashi yake tumeitunza, akitaka kusugua kuna mawe mengi. Akakata simu. Siku hizi anaongea nami kwa kupitia bwana yangu, na tunaelewana vizuri zaidi.

Mufereji ulipokwisha, maman alitembea juu yake mpaka mwisho, akarudi, akagonga ukingo kwa kisigino. Akanipa miche tisa. Yeye akabaki na kumi.

"Kwa nini kumi?"

"Sababu niko mukubwa wako. Na ulininyima."

Nikaibeba miche yangu tisa, nikaipandisha kwangu.

Sasa miche imezaa, ya juu na ya chini. Matunda bado kijani, lakini mistari imeanza kuonekana kama mutu ameichora kwa kucha. Nimefunga uzi kwenye yale ya mbegu, ya kishada cha pili kutoka chini, kama koko alivyokuwa akifanya, ili mutu asiyachume kwa kula. Nilimueleza maman afanye vile. Alinijibu kwamba alianza kulima kabla mama yangu hajaota meno. Sijui kama ataacha hata moja ikomae. Anaweza kula nyanya za miche yote kumi, mbele yangu, kwa makusudi, na mimi siwezi kumukataza kwenye ua wake. Yangu tisa inaweza kupata ugonjwa kesho. Nimebaki kutegemea bustani ya mwanamke asiyenipenda, na yeye anajua.

Asubuhi hii nilichungulia ukingoni nikamuona ameinama juu ya kishada cha pili, kisu mukononi.

"Maman! Hiyo ni ya mbegu!"

Hakuinua kichwa. "Nani alikuambia sijue?"

"Sasa kisu ni ya nini?"

"Ni ya majani imeuguwa! Rudi ndani unyonyeshe!"

Alikata jani moja la manjano, akalitupa upande wangu. Akakata la pili. Mimi nilibaki pale ukingoni na mutoto analia, mpaka alipofunga kisu na kukirudisha kwenye kikwembe chake.